Ainisho la Awali la Washiriki wa Dawa ya Sukari, kati ya Rhotia na Samunge

Eneo linaloanzia mji wa Karatu na kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro limechunguzwa pengine kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi hii. Fuvu aliloliokota Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959 lina jina na namba. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zimepimwa urefu, upana na kina. Faru wa kreta wanafuatiliwa mmoja mmoja, na kijana wa Karatu aliyemaliza chuo cha kuongoza watalii mwaka jana atakutajia ndege kwa mlio kabla wewe hujamwona. Yupo hata hivyo kiumbe mmoja wa vijiji hivi ambaye hahami kama nyumbu, hajifichi kama chui, na sauti yake husikika tangu alfajiri mpaka watu wanapolala, lakini hadi leo hajapata mtu wa kumwainisha. Huyu ni yule anayeshiriki dawa ya mwenzake mwenye kisukari.

Maandiko ya miradi ya afya humtaja kwa jina moja la jumla, "jamii", na karibu kila andiko huagiza kwamba jamii ishirikishwe. Agizo hilo linashangaza kidogo. Anayelisoma atadhani jamii imekaa nje ya ua, imenyamaza, inangoja kuitwa. Mwenye sukari yeyote wa Rhotia, Endabash au Endulen angewaambia waandishi hao kwamba jamii iliingia zamani, ikavuta kigoda, na imekwisha uliza vidonge hivi ni vya nini na mbona ni vikubwa namna hii. Kazi iliyobaki ni kuwatenganisha hao walioingia: nani ana faida, nani ana hasara, na nani amefuata chai.

Mbinu na sampuli

Mbinu yetu ni kukaa. Kuna kukaa kwenye benchi la kliniki ya sukari, kukaa msibani, kukaa mnadani Karatu tarehe 7 ya mwezi, na kukaa ndani ya Noah inayosubiri abiria wawili wa mwisho ambao hawaji. Mtafiti asiyeweza kukaa hana nafasi katika taaluma hii.

Sampuli ni mtu mmoja, naye ni wa kutunga, maana bibi wa kweli angetuuliza kwanza tumemletea nini. Tumwite Bibi wa Mfano. Amevuka miaka 60, anaishi juu ya Rhotia, ana shamba la mahindi na ngwara, ana ndugu walioolewa upande wa hifadhi. Anatumia metformini asubuhi na jioni pamoja na kidonge kingine ambacho kijiji kizima hukiita "kile kidogo", yaani glibenklamidi. Baadaye katika andiko hili kliniki itamhamishia kwenye insulini, kwa sababu bila insulini hatuwezi kufika kwenye friji, na friji ndiyo kiini cha nadharia yetu.

Historia ya somo ni fupi. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima sukari katika vijiji vya Tanzania, wakakuta mwenye kisukari hafiki hata mmoja katika kila watu wazima 100. Mshauri wa wakati ule alikuwa na hali ngumu: ili apate mgonjwa wa kumshauri ilimbidi avuke vijiji viwili vitatu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kiwango cha asilimia 9 hivi. Vijiji na vipimo vya tafiti hizo mbili havifanani moja kwa moja, lakini mwelekeo hauhitaji msomi. Siku hizi kila kwaya ina mwimbaji wa sauti ya kwanza mwenye sukari, na wengine wote wa kwaya hiyo ni wataalamu wake.

Ngeli ya kwanza: Wenye Kauli

Kitambulisho cha ngeli hii ni kwamba hawakuulizwa. Hupatikana kila mahali, ila hukusanyika zaidi pale kidonge kinapotolewa hadharani. Spishi zake ni nyingi, na tutataja zile tu ambazo mtafiti hawezi kuzikwepa.

Mshauri wa Majani anajua mlonge, mwarobaini, shubiri, majani ya mpera na maji ya bamia yaliyolala. Upande wa wafugaji binamu yake anajua magome ya olkiloriti yachemshwayo kwenye supu. Vipimo vyake ni kiganja, kikombe cha chai, na "mpaka rangi ikolee". Ukimsikiliza kwa haraka utamwona hana madhara, kwa kuwa hasemi kamwe "acha vidonge". Anasema, "Bibi, vipumzishe kidogo, mwili uvute hii." Neno hilo la kupumzisha limelaza watu wengi wodini kuliko matusi yote ya wachawi. Majani mengine huenda yana kazi yake. Metformini yenyewe ina asili katika mmea uliotumiwa zamani huko Ulaya. Lakini mmea ule ulipita mikononi mwa wakemia, na waliokunywa walipimwa damu kabla na baada. Mshauri wa Majani hapimi. Hushangaa ukimwomba apime.

Mshauri wa Ushahidi hutembea na mfano mmoja: "Kuna mtu wa Endabash, sukari ilifika 30, leo analima." Tulimfuata mtu huyo. Endabash tuliambiwa ni wa Mang'ola, kule kwenye vitunguu. Mang'ola walisema ni wa Mbulu. Tuna sababu ya kuamini kwamba Mbulu wangetuelekeza Rhotia.

Mshauri wa Ndugu Mkubwa ana shemeji Muhimbili au KCMC, na ushauri wake huanza, "Shemeji yangu ni daktari kule." Uchunguzi wa kina huonyesha kwamba shemeji yuko uhasibu. Mshauri wa Simu hupokea ujumbe uliosambazwa mara nyingi, wenye picha ya limau na tangawizi, akausambaza tena kabla ya kuusoma mpaka mwisho. Na wapo wa Maombi, ambao ni jamii ndogo mbili zinazofanana kwa nje tu: mmoja huombea mgonjwa pamoja na vidonge vyake, mwingine huombea mgonjwa dhidi ya vidonge vyake. Wa kwanza tunamwombea maisha marefu.

Kuhusu kikombe

Ngeli hii haiwezi kufungwa bila kwenda Samunge, wilayani Ngorongoro, mwaka 2011. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Kilikuwa kikombe kimoja tu, kwa shilingi 500, nacho kilinywewa palepale. Kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa ambayo watu waliambiwa kikombe kinaponya, pamoja na UKIMWI na saratani. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, watu walilala humo siku kadhaa, wengine wakafia njiani wakiwa wametolewa hospitalini. Baadhi ya mawaziri walipigwa picha wakinywa. Babu alifariki Julai 2021, na barabara ile leo inapitika bila foleni.

Ni rahisi kuwacheka waliokwenda, na wengi wameshafanya hivyo. Mtafiti wa ushiriki wa jamii hana raha ya kucheka, kwa sababu hajawahi kuona ushiriki mkubwa kuliko ule katika dawa ya sukari Afrika Mashariki nzima. Fikiria yaliyotendeka. Mgonjwa hakwenda peke yake. Ukoo ulikaa, ukachanga, ukakodi gari, ukamteua kijana wa kumshika mkono, ukapika chakula cha njiani. Waliobaki walichunga ng'ombe wake na kumwagilia bustani yake. Bei ya dawa ilijulikana na kila mtu, na ilikuwa sawa kwa tajiri na maskini. Hakuna aliyeambiwa, "Imeisha, rudi Jumatatu." Shilingi 500 hazikuwa chochote, nauli ndiyo iliyokuwa gharama, na nauli ililipwa na watu wengi.

Sasa mrudishe mgonjwa yuleyule nyumbani, umpe kadi ya kliniki inayosema aje kila mwezi maisha yake yote. Ukoo hauketi na kamati haiundwi. Anakwenda mwenyewe, kwa miguu hadi barabarani, kisha kwa bodaboda, na mwezi ambao hana nauli haendi. Tofauti haiko kwenye imani peke yake. Jamii yetu ina ufundi wa hali ya juu wa kuchangia jambo lenye tarehe na mwisho. Arusi ina tarehe. Msiba una matanga na siku ya kuanua. Rufaa ya kwenda Moshi ina siku ya kuondoka na siku ya kurudi, hata kama kurudi kwenyewe ni ndani ya sanduku. Kikombe kilikuwa na mwisho: unakunywa, umemaliza. Kidonge cha kila asubuhi hakina mwisho, hivyo hakina kamati, mwenyekiti wala mweka hazina.

Hata wataalamu wa afya wamenaswa na tabia hiyo. Tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, ambayo ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, utaona fulana, bango, spika na foleni ya kupima bure. Tarehe 15 Novemba utaona benchi.

Na huyo Banting, kwa kuwa tumemtaja: yeye na wenzake waliotengeneza insulini huko Toronto waliiuzia hataza yao chuo kikuu cha mji huo mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja. Yeye kama Babu alianza na bei ya chini kabisa. Gharama iliingia baadaye, njiani.

Ngeli ya pili: Walishaji

Hawa hawasemi lolote kuhusu dawa. Wanaizidi nguvu. Mlishaji huweka vijiko vitatu vya sukari kwenye chai kabla mgeni hajaketi, na akikumbushwa husema, "Ah, bibi, hii kidogo tu, sukari ya heshima." Msibani atakupa soda kwa sababu maji ni ya kunawia. Mkwe hakataliwi sahani. Tunawaelewa Walishaji, na hatuna mpango wa kuwafuta, kwa kuwa siku sukari ya bibi itakaposhuka wao ndio watakaokuwa na birika jikoni.

Chini ya ngeli hii tunaingiza pia karatasi za ushauri wa lishe, ingawa zinatoka ofisini. Karatasi husema mgonjwa apunguze ugali, alime bustani ya mboga nyumbani, ale matunda ya msimu. Shauri jema kwa Bibi wa Mfano kule Rhotia, ambako mchicha huota hata usipoupenda. Mpelekee karatasi hiyohiyo dada yake aliyeolewa Nainokanoka au Endulen, ndani ya mamlaka ya hifadhi, ambako kilimo kimekatazwa. Atakusomea karatasi, kama ana mjukuu wa kumsomea, kisha atakuuliza kama jembe nalo limo kwenye dozi. Unga wake hutoka Karatu kwa gari. Maziwa hupungua wakati wa kiangazi, na ndipo ugali wa kununua huongezeka. Daktari anayetaka kumshauri mama huyu kuhusu chakula itambidi azungumze na watu wengi kabla hajamfikia yeye, na baadhi yao wamevaa sare.

Ngeli ya tatu: Wakopeshanaji

Dawa zikiisha kituoni, na huisha, kijiji kina ghala lake. Jirani humtuma mtoto: "Nenda kwa bibi, mwambie anikopeshe viwili, nitarudisha nikitoka kliniki." Mkopo huu hauna riba, hauna karatasi na unalipwa kwa uaminifu ambao benki hazijauona. Mtafiti alitamani kuusifu bila kusita.

Shida iko kwenye lugha ya ghala. Vidonge haviombwi kwa majina. Vinaombwa kwa umbo: vile vyeupe vikubwa, kile kidogo, kile chenye mstari katikati. Metformini ikikopwa na mwenye sukari mwenziwe kwa kawaida haileti balaa kubwa zaidi ya tumbo kuharisha. "Kile kidogo" ni habari nyingine. Hicho huisukuma kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Akikinywa mwenye presha tu, aliyeambiwa kwamba "vidogo ni vya presha", sukari yake hushuka bila yeye kuwa na ugonjwa wa sukari. Akikinywa bibi asubuhi ya kwenda mnadani, halafu chai akaiacha ili awahi gari, matokeo yake yataonekana kwenye aya zinazofuata.

Tunapendekeza kwamba ghala la kijiji liendelee, kwa sharti moja tu: pakiti iende pamoja na kidonge. Mtoto anayetumwa ajue kusoma.

Ngeli ya nne: Wasiosema

Tumefika kwa ndugu ambao andiko hili liliandikwa kwa ajili yao. Ni vigumu kuwachunguza kwa sababu hawajitokezi. Ukiwauliza kama wanashiriki katika huduma ya mgonjwa wa kisukari, watasema hapana, na watakuelekeza kwa Mshauri wa Majani.

Chukua mwenye friji. Bibi wa Mfano amehamishiwa kwenye insulini, chupa ndogo yenye mfuniko wa mpira, na ameambiwa aitunze kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kwake hakuna umeme. Friji iliyo karibu ni ya dukani, ya mama anayeuza soda, mafuta ya kupimwa na vocha. Ifungue uone. Juu, kwenye kabati la barafu, kuna maji ya kandoro ya watoto wa shule. Chini kuna soda, kidumu cha maziwa mgando na nusu ya kabichi. Kwenye mlango, mahali pa mayai, kuna kikopo cha plastiki, na juu yake plasta nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: "BIBI. USIGUSE." Hiki ndicho kituo cha kuhifadhi insulini cha kitongoji kizima, na hakimo kwenye orodha ya wizara wala ya wilaya.

Mama huyu hajasoma famasia. Lakini anajua kwamba insulini ikiganda imekufa, hata kama ikiyeyuka itaonekana nzima, ndiyo maana hairuhusu ipande juu kwenye barafu. Anajua chupa iliyofunguliwa haizidi wiki nne, na amechora tarehe kwenye plasta. Umeme ukikatika hafungui mlango wa friji mpaka urudi, na mteja wa soda ya baridi siku hiyo anakunywa ya moto au anakwenda zake. LUKU inapokaribia kuisha ananunua uniti kwanza ndipo anunue unga. Hajawahi kumdai bibi shilingi. Kila asubuhi bibi akifika wanasalimiana shikamoo na marahaba, dirisha linafunguka, kikopo kinatoka, kinarudi. Shughuli yote inachukua muda mfupi kuliko kuchagua vocha.

Hali ya hewa inawasaidia Wasiosema wa eneo hili kwa kiasi. Karatu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari na ukingo wa kreta unapita 2,300, hivyo chupa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, uliofunikwa na kuwekwa kivulini, inaweza kukaa vizuri wiki zake nne bila friji. Ukishuka Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, karibu mita 1,000, joto ni jingine kabisa, na mtungi unafanya kazi ya ziada. Ushauri uleule wa "weka mahali pa baridi" una maana tatu katika safari ya saa chache.

Pembeni ya mwenye friji yuko mbebaji. Huyu ni dereva wa Noah, utingo, mwalimu anayerudi kituoni, au muuza maziwa. Hubeba chupa za insulini ndani ya chupa ya chai iliyotiwa maji baridi, pamoja na salamu. Mbebaji wa kwenda upande wa hifadhi ana mtihani wa ziada: lango la Lodoare hufungwa saa 12 jioni, na dawa iliyochelewa Karatu hulala Karatu. Ukimwona dereva anakataa abiria wa mwisho na kuondoka gari likiwa na nafasi, usimtukane upesi. Huenda anabeba ya mtu.

Kisha yuko anayetambua. Turudi kwa bibi aliyekunywa kile kidogo na kuiacha chai. Saa 5 asubuhi yuko mnadani, katikati ya mbuzi na mitumba. Anatoka jasho la baridi, mikono inamtetemeka, anajibu maswali ambayo hajaulizwa. Wanaomzunguka huanza uainishaji wao, ambao una makundi mawili tu: amelewa, au amerogwa. Mnadani pombe ni nyingi, kwa hiyo kundi la kwanza hushinda kwa kura. Wanamcheka na kumwachia nafasi ya kuanguka.

Mama ntilie hayumo kwenye kura hiyo. Anaacha mwiko, anakuja na kikombe cha chai iliyokorogwa vijiko vinne vya sukari, anamshika bibi kidevu, "Kunywa, mama yangu, kunywa yote." Anangoja robo saa. Bibi akiwa bado hajakaa sawa anampa kikombe cha pili, na akizinduka anampa chapati na maharage ili sukari isishuke tena. Anajua pia kwamba aliyezimia kabisa hanyweshwi kitu, maana kitampalia. Huyo hulazwa ubavu na kupelekwa hospitali mara moja. Aliyajua wapi haya? Mama yake alikuwa na sukari. Hiyo ndiyo shahada yake. Kwa hesabu ya chuo chochote cha tiba, alichokifanya ni kuokoa maisha kwa gharama ya chai, na bibi akitaka kulipa ataambiwa aache mambo yake.

Wenye beji

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunawaweka peke yao kwa kuwa wana beji, begi na daftari. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Ni habari njema, na hatuna kejeli ya kuwapa. Tuna ombi: wakifika kitongojini wasianze kwa kutafuta "jamii". Waulize friji iko kwa nani.

Kanuni

Baada ya kukaa kwa muda wa kutosha kuharibu benchi, tunatoa Kanuni ya Kwanza ya Ushiriki: wingi wa maneno ya mshiriki kuhusu dawa hupungua kadiri anavyobeba sehemu ya dawa yenyewe. Mwenye majani ana hotuba, mwenye friji ana plasta. Kanuni ina mtu mmoja wa kuivunja, naye ni mjukuu wa darasa la nne anayesoma namba kwenye mashine ya kupimia sukari. Huyu husema sana na kutenda sana. Hutangaza "Bibi, kumi na nne!" kwa sauti inayofika kwa majirani, kisha huandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kuliko wa daktari, na jioni husimama mlangoni mpaka kidonge kimezwe. Taaluma bado haijampata mahali pa kumweka.

Kutokana na kanuni hiyo yapo mambo mawili ya kufanywa, na hakuna hata moja linalohitaji mradi. Vikundi vya kufa na kuzikana vya Karatu na Ngorongoro, ambavyo katiba zake huanza kazi siku mwanachama anapokata roho, viongeze kifungu kimoja: nauli ya kliniki kwa mwanachama mwenye sukari, kila mwezi, kutoka kwenye mfuko uleule. Jamii iliyoweza kukodi gari la Samunge mwaka 2011 haishindwi na bodaboda ya kwenda Karatu mjini.

La pili ni la muuguzi wa kliniki. Kwenye daftari la mgonjwa unaandika jina la ndugu wa karibu, na mara zote unaandika la mwanawe mkubwa aliyeko Dar es Salaam. Chini yake ongeza jina la mwenye friji, pamoja na namba yake ya simu.